Deki na King'amuzi: Historia ya Vyombo Viwili vya Sebuleni

Vyombo vya nyumbani ni vya namna mbili. Jembe, kinu na mtungi ni mali kamili ya mwenyewe, kwa kuwa kazi yake yote imo ndani ya chombo chenyewe. Avinunuaye leo huvitumia mpaka vivunjike, wala hamwombi mtu ruhusa. Bomba la maji si hivyo. Bomba ni la mwenye nyumba, lakini maji ni ya mwingine, na siku huyo mwingine afungapo koki yake ya mbali, bomba hubaki chuma kitupu ukutani. Tofauti hii ni ya kale, na watu wamekwisha kuizoea hata hawaioni tena. Lakini katika miaka ya mwisho ya karne ya 20 ilipata sura mpya iliyo dhahiri zaidi, pale vyombo viwili vilipowekwa kimoja juu ya kingine chini ya televisheni moja: deki ya kuchezea sahani, na kisanduku cha kuleta intaneti katika televisheni kwa waya wa simu.

Vyombo hivi ni marika. Kisanduku kiitwacho WebTV kilitolewa Marekani mwezi wa Septemba 1996. Deki za kwanza za DVD ziliuzwa Japani mwezi wa Novemba mwaka ule ule, zikafika Marekani mwezi wa Machi 1997. Vilikaa jirani, vikatumia kioo kimoja, na rimoti zao zilifanana kama mapacha. Kimoja kilikufa kwa amri iliyotolewa mbali. Kingine kingali chafanya kazi popote kilipotunzwa. Katika habari zao mna swali ambalo mwanachuoni hawezi kulipita: ni nani mwenye chombo, na ni nani mwenye maarifa yapitayo ndani yake?

Sahani

Sahani ya DVD ina mzazi wake, nayo ni ile ya muziki iitwayo sidii. Sidii ilitengenezwa kwa ushirika wa kampuni ya Philips ya Uholanzi na Sony ya Japani, na deki yake ya kwanza iliuzwa Japani mwezi wa Oktoba 1982. Upana wake ni sentimita 12, na muziki wake dakika 74. Ugeni wake ulikuwa katika usomaji. Santuri ya zamani ilisomwa kwa sindano iliyopita juu ya mfuo, na kila ilipopita iliukwangua kidogo. Hata santuri iliyopendwa sana ilichakaa kwa sababu ya kupendwa kwake. Sidii haiguswi na kitu. Mwali mwembamba wa leza huangaza vishimo vidogo mno vilivyopangwa katika mzunguko, na mrudio wa mwanga hugeuzwa kuwa tarakimu, tarakimu zikageuzwa kuwa sauti. Kusoma hakuharibu kisomwacho.

DVD ilifuata njia hiyo hiyo, ila ilisonga vishimo vyake karibu zaidi na kutumia mwali wa mawimbi mafupi kuliko wa sidii. Kwa hiyo sahani ya upana ule ule, yenye tabaka moja tu, iliweza kuchukua gigabaiti 4.7, zitoshazo filamu ya saa mbili na zaidi. Hata hivyo filamu isingeenea kama isingefinywa kwa hesabu. Hesabu hiyo, iitwayo MPEG-2, haiandiki kila picha upya. Huandika picha moja kamili, kisha huandika mabadiliko tu ya picha zifuatazo. Mtu akizungumza mbele ya ukuta, ukuta huandikwa mara moja, na midomo ndiyo irudiwayo. Makundi mawili ya kampuni yalikuwa yakishindana kwa miundo miwili isiyopatana, na ilikuwa katika mwaka 1995 yalipokubaliana muundo mmoja, yakikumbuka vita vya kanda za video vilivyowatia hasara wanunuzi na wauzaji pia.

Matumizi yake yalikuwa mepesi hata mtoto aliyaweza. Trei hutoka, sahani huwekwa uso wa maandishi ukitazama juu, trei hurudi ndani, na baada ya kitambo kidogo kioo huonyesha orodha ya mambo ya kuchagua. Kwa mtu wa lugha, orodha hiyo ilikuwa na neema ya pekee. Sahani moja iliweza kubeba njia 8 za sauti na maandishi ya tafsiri ya lugha 32. Kwa mara ya kwanza filamu ile ile iliweza kusikilizwa kwa lugha yake ya asili, kisha ikarudiwa kwa lugha nyingine, na mtazamaji akasimamisha picha palipo na neno gumu bila ya kanda kukatika. Kwamba Kiswahili kilionekana kwa nadra katika orodha hizo si kosa la sahani. Nafasi ilikuwapo, waliokosekana ni wenye kuijaza.

Isisemwe lakini kwamba sahani ilikuwa huru kabisa. Wenye filamu waliigawa dunia katika kanda sita za biashara, wakaweka alama ya kanda katika sahani na katika deki, ili sahani ya kanda moja ikataliwe na deki ya kanda nyingine. Marekani na Kanada ni kanda ya 1. Ulaya ya magharibi, Japani, Mashariki ya Kati na Afrika ya Kusini ni kanda ya 2. Sehemu kubwa ya Afrika, pamoja na Bara Hindi na nchi zilizokuwa za Urusi ya Kisoviet, ni kanda ya 5. Mgao huu ulifuata hesabu za wauzaji, wala haukujali nasaba za watu. Maskati iliangukia kanda ya 2 na Unguja kanda ya 5. Hivyo ndugu wawili wa nyumba moja, wanaozungumza Kiswahili kimoja na kuandikiana kila Idi, walitengwa na kufuli ambalo hakuna hata mmoja wao aliyejua kwamba lipo, mpaka siku zawadi ilipotiwa katika deki ikakataa.

Kufuli hilo halikudumu. Mwaka 1999 fumbo lililozuia kunakili DVD lilifumbuliwa, na kijana mmoja wa Norwei alikuwa miongoni mwa walioeneza ufumbuzi wake. Deki nyingi za bei nafuu kutoka China ziliweza kufunguliwa ili zisome kanda zote kwa kubonyeza tarakimu chache katika rimoti. Hapa ndipo tabia ya chombo cha namna ya kwanza inapodhihirika. Kufuli lake limo ndani ya nyumba ya mwenyewe pamoja na chombo. Na kufuli lililomo ndani ya nyumba, siku moja mwenye nyumba atalifungua.

Kisanduku

Asili ya WebTV husimuliwa na mwanzilishi wake, mhandisi Steve Perlman, aliyewahi kufanya kazi katika kampuni ya Apple. Siku moja alikuwa akitazama tovuti ya Campbell's, kampuni ya Marekani iuzayo supu za kopo, akaona ajabu. Wanunuzi wa supu hizo ni watu wa kila namna, na wengi wao hawakuwa na kompyuta. Kumbe waliotengenezewa tovuti ile hawakuwa na njia ya kuifikia. Lakini kila mmoja wao alikuwa na televisheni. Perlman alijiunga na wenzake wawili, Bruce Leak na Phil Goldman, na mwaka 1995 walianzisha kampuni huko California kwa nia ya kuifanya televisheni kuwa mlango wa intaneti.

Kisanduku chao kilitengenezwa na kuuzwa na Sony na Philips, kampuni zile zile zilizozaa sidii. Bei yake ilikuwa chini ya dola 350, wakati kompyuta nzuri iliuzwa kwa dola 2,000 na zaidi. Juu ya bei hiyo palikuwa na ada ya kila mwezi, dola 19.95. Ndani yake mlikuwa na megabaiti 2 tu za kumbukumbu ya kazi, na modemu ya simu. Diski ya kuhifadhia mambo haikuwamo. Kilikuwa chombo maskini kwa makusudi, kwa maana akili yake kubwa iliwekwa mahali pengine.

Mtumiaji alichomeka nyaya za picha na sauti katika televisheni, akachomeka waya wa simu ukutani, akabonyeza rimoti. Kisanduku kilipiga simu ya bure kuuliza namba ya karibu na nyumba ile, kisha kikaipiga namba hiyo, na kwa milio na mikwaruzo kikaingia katika mashine za kampuni. Hapakuwa na kishale cha kuhangaika huku na huko kama katika kompyuta. Palikuwa na fremu ya rangi ya manjano iliyoruka kutoka kiungo hadi kiungo kila mshale wa rimoti ulipobonyezwa. Aliyetaka kuandika barua pepe alinunua kibodi isiyo na waya, akaipakata magotini. Nyumba moja iliweza kuwa na majina sita ya watumiaji, kila mmoja na sanduku lake la barua.

Taabu kubwa ilikuwa televisheni yenyewe. Televisheni za Marekani za siku zile zilichora picha kwa mistari 525, nusu yake kwanza na nusu yake baadaye, karibu mara 30 kwa kila sekunde. Mpango huo wafaa kwa sura ya mtu au mandhari ya bahari, lakini herufi nyembamba yenye unene wa mstari mmoja huonekana na kutoweka, ikatetemeka kama mwali wa taa penye upepo. Isitoshe, msomaji wa kompyuta huketi kiasi cha mkono mmoja kutoka kioo, na mtazamaji wa televisheni huketi hatua tatu au nne. Wahandisi walituliza mitetemo kwa hesabu, wakakuza herufi, wakapunguza wingi wa maneno katika ukurasa. Kazi hii haikufanywa na kisanduku peke yake. Mashine za kampuni zilipokea kurasa kutoka kila pembe ya dunia, zikazipunguza na kuzipanga upya, kisha zikazipeleka nyumbani zikiwa nyepesi. Kisanduku kilikuwa kama mtoto anayetafuniwa chakula. Mtoto wa namna hiyo hushiba, lakini hali ila alichotafuniwa, na mtafunaji akiondoka hana meno.

Nguvu ya usiri wake ilileta kisa kimoja cha kuchekesha. Kisanduku kilitumia mafumbo yenye ufunguo wa biti 128 ili kulinda barua na fedha za watumiaji. Sheria ya Marekani ya wakati huo ilihesabu mafumbo makali ya namna hiyo pamoja na silaha. Hivyo mwezi wa Novemba 1996 serikali iliamua kwamba kisanduku hiki cha sebuleni, kilichokusudiwa mabibi na mababu wasiojua kompyuta, hakiwezi kupelekwa nje ya nchi bila ya kibali cha silaha. Kibali cha kutumia mafumbo hayo Japani na Uingereza kilipatikana katika mwaka 1998.

Kampuni ya Microsoft ilitambua tamaa na hatari iliyomo katika shauri hili. Ikiwa watu wataingia katika intaneti kwa televisheni, nani atanunua kompyuta? Mwezi wa Aprili 1997, miezi saba tu baada ya kisanduku kutolewa, ilitangaza kuinunua kampuni ya WebTV kwa kiasi cha dola milioni 425. Mwaka huo huo kilitolewa kisanduku kipya chenye modemu ya kasi zaidi, diski ya gigabaiti 1.1, na uwezo wa kuonyesha kipindi na ukurasa pamoja. Kufikia mwaka 1999 wenye kulipa ada walikuwa karibu laki nane.

Idadi hiyo si ndogo, lakini haikuendelea kukua ilivyotumainiwa. Sababu moja ni bei: kompyuta zilishuka chini ya dola 1,000, kisha chini zaidi, na ubora wa kisanduku ulikuwa katika unafuu wake. Sababu ya pili ni kurasa: kila mwaka zilizidi uzito na kutaka programu mpya, na mtafunaji hakuwahi kutafuna zote. Sababu ya tatu haimo katika mashine bali katika desturi. Televisheni ni chombo cha baraza. Hutazamwa na watu pamoja, na kila asemalo husikiwa na wote waliopo. Barua ni kitu cha ndani. Hakuna asomaye barua ya mchumba, wala ya mdai, wala ya daktari, kwa herufi kubwa mbele ya wageni. Kuweka sanduku la barua katika kioo cha sebule kulikuwa sawa na kuhamishia chumba cha kulala barazani. Walioweza kulivumilia jambo hili ni wale waliokaa peke yao: wazee waliostaafu na wajane, ambao watoto wao wako mbali. Hao ndio waliokipenda kisanduku kwa mapenzi ya kweli, kwa kuwa kiliwaletea habari za wajukuu bila ya kuwaaibisha kwa ujinga wa kompyuta. Historia ya haki haiwezi kuwasahau, wala haiwezi kusema kwamba chombo kilichowafaa watu namna hiyo kilikuwa upuuzi.

Ndoa Iliyovunjika

Mawazo ya kuunganisha sahani na waya wa simu katika chombo kimoja yalijaribiwa mara kadhaa. Philips ilikuwa na deki ya televisheni iitwayo CD-i tangu mwaka 1991, na katikati ya muongo huo iliiongezea vifaa vya kuingilia intaneti. Apple pamoja na Bandai ya Japani zilitoa Pippin mwaka 1996, deki ya sahani yenye modemu, iliyouzwa Marekani kwa dola 599 na kupotea upesi. Lakini jaribio lenye mafunzo makubwa kuliko yote ni lile la DIVX.

DIVX ilianzishwa na Circuit City, kampuni kubwa ya maduka ya vyombo vya umeme huko Marekani, kwa ushirika na ofisi ya mawakili wa Los Angeles. Iliingia sokoni mwaka 1998. Mtu alinunua sahani kwa kiasi cha dola nne na nusu, chini sana ya bei ya DVD ya kawaida. Alipoitia katika deki yake kwa mara ya kwanza, saa zilianza kuhesabiwa, na baada ya saa 48 sahani ilijifunga. Akitaka kuitazama tena, alilipa tena. Deki ilifungwa waya wa simu, na kila baada ya muda ilipiga simu yenyewe kwa wakubwa wake kueleza ni sahani gani zilizotazamwa katika nyumba ile na ni kiasi gani kinachodaiwa.

Hivyo kitu kilichokuwa mkononi mwa mtu, kilichonunuliwa kwa fedha yake, kilichomo katika kabati lake, hakikuwa chake. Wanunuzi wengi walilitambua jambo hili upesi. Walichukia kupelelezwa na chombo chao wenyewe, na walichukia zaidi kuwa na sahani isiyochezeka katika nyumba ya jirani. Mwezi wa Juni 1999 kampuni ilitangaza kuacha biashara hiyo. Waliokuwa na sahani walipewa muda mpaka katikati ya mwaka 2001, kisha mashine za kutoa ruhusa zikazimwa, na sahani zote za DIVX zikawa vioo vya kujitazamia uso. Kampuni yenyewe ilifilisika baadaye, na maduka yake ya mwisho yalifungwa mwaka 2009.

Hapa pana jambo linalostahili kutafakariwa. Deki za DIVX ziliweza pia kucheza DVD za kawaida. Siku ruhusa ilipokatika, nusu ya chombo ilikufa na nusu ikabaki hai. Waya ule ule wa umeme, mwali ule ule wa leza, trei ile ile. Lakini kilichohitaji idhini ya mbali kilinyamaza, na kisichohitaji kiliendelea kuimba. Ni nadra historia kumwekea mwanachuoni mizani iliyo sawa namna hii.

Mwisho wa Kisanduku

Mwaka 2001 WebTV ilipewa jina jipya la MSN TV. Mwaka uliofuata, mwezi wa Julai, ilionekana jinsi chombo kinachotii amri za mbali kinavyoweza kutii amri za mwovu. Mtu mmoja wa Louisiana aliwapelekea watumiaji kadhaa barua pepe iliyobadili namba ambayo kisanduku hupiga; kisanduku kikaacha kupiga namba ya kampuni na kupiga 911, namba ya kuitia polisi na wazimamoto Marekani. Polisi walifika katika nyumba za watu waliokuwa wamekaa kwa amani, wasiojua kwamba televisheni yao imelia kuomba msaada. Mtu huyo alikamatwa na kuhukumiwa.

Mwezi wa Julai 2013 wenye MSN TV walipokea taarifa kwamba huduma itakoma, na tarehe 30 Septemba 2013 ikakoma. Wengine walikuwa na kisanduku chao miaka kumi na zaidi, na barua zao, anwani zao na kurasa walizojitengenezea hazikuwa nyumbani mwao. Visanduku havikuharibika. Taa zake ziliwaka asubuhi ya kesho yake kama zilivyowaka jana. Vilipiga simu, wala hapakuwa na wa kuvipokea. Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Hata ndugu huyo awe mwema, tajiri na mwenye mashine nyingi.

Yafaa pia kutaja kilichosalia, kwa maana hakuna kazi njema ipoteayo yote. Baadhi ya wahandisi wa WebTV walishiriki katika kutengeneza Xbox, mashine ya michezo ya Microsoft. Mmoja wao, Andy Rubin, alikuwa miongoni mwa walioanzisha Android mwaka 2003, ambayo Google iliinunua mwaka 2005, na ambayo leo imo katika simu za mkononi zisizo na idadi kutoka Lamu hadi Lubumbashi. Kusudi la Perlman, kumfikishia intaneti asiyekuwa na kompyuta, lilitimia kwa kioo kilicho kinyume cha televisheni: kidogo, cha mtu mmoja, kisomwacho kwa siri kiganjani. Na katika miaka ya karibuni wapenzi wa vyombo vya kale wameunda mashine zao za kuigiza zile zilizozimwa, na visanduku vilivyokuwa vimenyamaza vimeanza tena kupokelewa simu. Huo ni ushahidi kwamba wafu hawa hawakufa kwa maradhi ya mwili.

Sahani nayo ilipunguza mwendo. Netflix, iliyoanza mwaka 1998 kwa kukodisha DVD kwa posta, iligeukia kupeleka filamu kwa intaneti tangu mwaka 2007, na tarehe 29 Septemba 2023 ilituma sahani zake za mwisho. Tofauti ya vifo viwili ni hii: huduma ya posta ilipokoma, waliokuwa na sahani za mwisho nyumbani waliambiwa wakae nazo, na zinachezeka hata leo.

Pwani na Bara

Afrika ya Mashariki haikupata WebTV, kwa kuwa haikuuzwa huko. Tanzania Bara haikuwa hata na televisheni yake mpaka mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzo wa miaka ya 1970. Lakini vyombo vya namna zote mbili vilifika kwa majina ya nyumbani. Cha kwanza kiliitwa deki. Sahani za VCD na baadaye DVD zilizagaa mijini na mashamba, na juu yake ukasimama mfano mzima wa sanaa. Filamu za Kiswahili za Dar es Salaam, pamoja na zile za Steven Kanumba, aliyefariki mwaka 2012, zilifika majumbani kwa sahani kuliko kwa majumba ya sinema. Wafasiri wa vibanda vya video, na maarufu wao ni Lufufu, walichukua filamu za Hong Kong, Bara Hindi na Marekani, wakatia juu yake sauti zao, vichekesho vyao na methali zao, hata hadithi ya ugenini ikawa ya Kariakoo. Uganda ilikuwa na mafundi wake wa kazi hiyo hiyo. Ile nafasi ya Kiswahili iliyoachwa wazi katika orodha ya lugha za DVD, watu hawa waliijaza bila ya kuomba.

Chombo cha pili kiliitwa king'amuzi, na jina hili ni miongoni mwa majina mazuri ambayo lugha imejipatia katika zama hizi. Kung'amua ni kutambua kilichofichika. Nacho kisanduku hutambua mawimbi ya tarakimu ambayo televisheni ya zamani haikuyafahamu. Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya zamani ilizimwa Dar es Salaam, na Kenya ikafuata mwaka 2015. Nyumba isiyokuwa na king'amuzi ilibaki na kioo cheupe chenye chenga. Siku hizo wengi walijifunza kwa mara ya kwanza lile ambalo wazee wa Marekani walijifunza mwaka uliofuata: kwamba televisheni nzima yaweza kunyamaza bila ya kuharibika.

Haitakuwa busara kuhitimisha kwamba king'amuzi ni kibaya na deki ni njema. King'amuzi huleta habari za leo, na hakuna sahani iwezayo kuleta habari za leo. Deki nayo haina umilele. Sahani zilizochomwa kwa kompyuta, ambazo ndizo nyingi za vibandani, hutegemea rangi iliyopakwa juu yake, nayo huchujuka kwa joto, unyevu na jua, vitu ambavyo pwani haina upungufu navyo. Kazi nyingi za wafasiri wa vibanda zimebaki katika sahani za namna hiyo, kwenye makabati ya watu binafsi, na deki za kuzisomea zazidi kuadimika madukani kila mwaka. Umiliki ambao sahani humpa mtu ni umiliki wa muda, na faida yake yote imo katika kuutumia muda huo.

Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga, na pengine hawakupata kusema neno lililo karibu zaidi na maktaba za vyuo vikuu. Siku hizi filamu na sauti za Kiswahili zahamia katika mashine za mbali zenye wenyewe, ambao hawakuahidi mtu kuzihifadhi na wanaoweza kuandika taarifa ya mwezi wa Julai kuhusu mwezi wa Septemba. Sahani zilizosalia hazihitaji ruhusa ya yeyote ili zisomwe; zahitaji deki nzima, mtu mwenye subira, na mahali pa kunakilia. Vitu vitatu hivyo vingalipo. Chuo kitakachovikusanya kitakuwa na sauti ya Lufufu ya kuwasikilizisha wanafunzi wa karne ijayo, na kitakachongoja kitakuwa na habari zake tu.